Rweya za Bukoba na Muleba zinaisha, nani atazitetea?

Na Mwandishi Wetu

Saa moja asubuhi umande haujakauka, na mama mmoja kwenye kilima kilicho nyuma ya mji wa Bukoba ameshakata nyasi za kutosha mzigo. Anakamata nyasi kwa mkono wa kushoto, anapitisha mundu chini kabisa karibu na udongo, kisha anazilaza nyuma yake, vichwa vyote upande mmoja. Kamba anayofungia ameisokota kwa magome makavu ya mgomba na kuilowesha ili isikatike. Mzigo ukishafungwa unamzidi kimo. Ataubeba kichwani hadi nyumbani, akautandaze chini ya migomba kabla jua halijawa kali.

Umbali mfupi kutoka hapo nyasi zinakoma. Mistari ya mikaratusi michanga imeanza, na chini ya mti wa kwanza kuna bikoni ya zege. Bikoni nyingine iko ng'ambo ya njia ya ng'ombe, katikati ya nyasi anazokata mama huyo. Kwa yeyote anayejua kusoma alama za ardhi, maana yake ni kwamba mwenye eneo ameshapatikana.

Kutoka hapo juu Bukoba yote inaonekana: mabati ya Hamugembe na Kashai, uwanja wa Kaitaba, njia ya kurukia ndege inayoishia majini, kisiwa cha Musira, kisha Ziwa Viktoria hadi macho yanapoishia. Jumamosi na Jumapili vijana wa mjini hupanda huku kutembea. Wengine hukimbia mazoezi, wengine hukaa tu wakipunga upepo. Hakuna geti, hakuna tiketi, na hakuna kibao kinachosema eneo hili ni la nani.

Wahaya huliita rweya. Ni uwanda wa nyasi ulio kati ya kijiji na kijiji, na karne nyingi umekuwa malisho, ghala la nyasi, shamba la njugumawe na chimbuko la senene. Kuanzia vilima vya Bukoba hadi nyanda za Kamachumu wilayani Muleba, uwanda huo unazidi kukatwa vipande. Mji unautaka kwa viwanja, wenye fedha wanautaka kwa miti, na wafugaji wanautaka ubaki ulivyo. Swali lililo mbele ya halmashauri na vijiji ni kama kuna sehemu yoyote ya rweya itakayoachwa iwe rweya.

Kibanja hula kutoka rweyani

Mgeni anayefika Kagera kwa mara ya kwanza husifu migomba. Barabara ya kutoka Bukoba kwenda Muleba, ukipita Kemondo na Muhutwe, inapenya katika vijiji vya kijani kibichi ambako mgomba, mbuni, maharage na miti ya matunda vimesongamana kuzunguka nyumba. Hicho ndicho kibanja. Kisha ghafla migomba inakoma, na mbele kunakuwa na nyasi tupu zilizo wazi kwa upepo. Wengi hudhani wametoka kwenye ardhi yenye watu na kuingia porini.

Udongo wa chini ni uleule. Nyanda hizi zimekaa juu ya mawe ya mchanga, na mvua ya ufukweni mwa Bukoba hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua nyingi kiasi hicho huosha rutuba na kuizamisha kusikofikiwa na mizizi. Ardhi ikiachwa peke yake, huota nyasi ngumu na vichaka vichache. Kibanja kimekuwa na rutuba kwa sababu watu wamekilisha, kizazi baada ya kizazi.

Chakula hicho kilitoka rweyani. Ng'ombe walishinda huko mchana, wakarudi jioni kulala nyumbani, na samadi yao ikaenda kwenye shina la mgomba. Nyasi zilizokatwa zikawa matandazo ya kuzuia magugu na kuhifadhi unyevu, zikawa zulia la ndani ya nyumba, zikaezeka msonge kuanzia kilele hadi chini. Kati ya kibanja na rweya kuna kikamba, sehemu ya pembeni ambayo haijapata mbolea ya kutosha na ambayo familia huisukuma polepole kuelekea nyasi.

Kwa hiyo kila mkungu wa ndizi uliokatwa Buhaya, nchi ya Wahaya, una sehemu ya rweya ndani yake. Wataalamu wa kilimo waliofanya kazi na Kituo cha Utafiti cha Maruku wamelieleza jambo hili kwa miaka mingi: malisho yakipungua ng'ombe hupungua, samadi ikikosekana kibanja hudhoofika, na kibanja dhaifu hushambuliwa kirahisi na wadudu na magonjwa. Anayetazama rweya kama ardhi isiyo na kazi anatazama nusu ya shamba na kusema haipo.

> Anayetazama rweya kama ardhi isiyo na kazi anatazama nusu ya shamba na kusema haipo.

Ardhi ya wanawake

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye ramani ya upimaji. Kwa mila za Kihaya kibanja hurithiwa na wanaume wa ukoo. Mwaka 1990, katika kesi iliyotoka huku Kagera, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alitamka kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama ambavyo mwanamume angeweza. Hukumu hiyo inasomwa hadi leo katika vyuo vya sheria, nje ya Tanzania pia. Ilihitajika kwa sababu mila ilikuwa imefunga mlango.

Rweya haikuwa na mlango wa namna hiyo. Mwanamke aliweza kulima msiri wake huko: anafyeka nyasi, anazikusanya na kuzichoma, anapanda njugumawe kwa msimu mmoja au miwili, kisha anaiacha ardhi ipumzike miaka kadhaa na kuhamia sehemu nyingine. Mavuno yalikuwa yake. Nyasi alizokata hakuziomba kwa mtu.

Haki ya namna hii haina karatasi. Bikoni inapochimbiwa chini, anayepoteza ni yule ambaye hakuwahi kuandikwa popote, na mara nyingi ni mama mwenye mundu. Hatapewa fidia, maana hakuna kinachothibitisha kwamba alikuwa na kitu. Kwangu mimi hili peke yake lingetosha kuzuia mkono wa mpimaji hadi wanakijiji wakae na kuzungumza.

Moto wa wahunzi

Wapo wanaouliza, na swali lao ni la haki, kama rweya ni mazingira ya asili au ni matokeo ya uharibifu wa zamani. Mbona isirudishwe kuwa msitu?

Jibu liko karibu na Maruku, mahali panapoitwa Katuruka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba hapo akiongozwa na simulizi za wazee, na kukuta mabaki ya tanuri za kuyeyusha chuma zenye umri wa miaka ipatayo 2,000. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery walichapisha katika jarida la *Science* matokeo yaliyoonyesha ufundi mkubwa wa wahunzi wa pwani hii ya ziwa, ambao tanuri zao zilifikia joto la kutoa chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua. Leo Katuruka ni eneo la urithi ambalo wageni huonyeshwa habari za Mkama (mfalme) Rugomora Mahe na mahali ulipokuwa mti wa Kaiija.

Tanuri zilikula mkaa, na mkaa ulitoka msituni. Miti ilipokwisha, juu ya udongo ule uliooshwa na mvua nyasi zilichukua nafasi. Baada ya hapo moto wa kiangazi na meno ya ng'ombe vikahakikisha miti hairudi. Rweya, kwa maneno mengine, ni kazi ya mikono ya watu na mifugo yao.

Hilo haliipunguzii thamani. Ulaya kuna ardhi zinazofanana nayo kwa historia: nyanda za vichaka vifupi juu ya mchanga usio na rutuba, zilizotokana na ukataji wa misitu ya kale na kudumishwa na kondoo, moto na wakata kuni. Uingereza ilizilima, ikazipanda miti na kuzijengea, na tangu mwaka 1800 zaidi ya asilimia 80 ya nyanda hizo za maeneo ya chini zimepotea. Sasa kila kipande kilichobaki kinalindwa.

London ina kipande chake. Mwaka 1864 Earl Spencer, aliyekuwa bwana wa eneo la Wimbledon, alitaka kuzungushia uzio sehemu ya uwanda wa wanakijiji na kuuza sehemu nyingine. Wakazi walikataa, wakapambana miaka kadhaa, na mwaka 1871 Bunge likapitisha sheria ya kuuweka wazi kwa wote milele. Leo zaidi ya hekta 400 za vichaka, nyasi na miti ziko ndani ya jiji hilo kubwa, na watu hutembea humo na mbwa wao kila asubuhi. Ujerumani nayo iliifanya nyika ya Lüneburg kuwa hifadhi mwaka 1921, na makundi ya kondoo bado huchungwa humo kwa makusudi, kwa sababu bila kondoo miti ingeimeza.

Somo la huko ni kwamba hifadhi ya nyasi haifukuzi mchungaji. Humhitaji.

Mti una faida, tena inaonekana

Hoja ya wapanda miti isidharauliwe. Mkaratusi hukua haraka kwenye ardhi ambayo mazao mengine hushindwa. Ndani ya miaka michache hutoa mirunda ya ujenzi na kuni, ukikomaa hutoa nguzo na mbao. Msonobari huchukua muda mrefu zaidi lakini soko lake lipo. Mstaafu aliyewekeza kiinua mgongo chake katika ekari chache za miti amefanya uamuzi wa busara kwa familia yake. Mzazi anayekata miti ya kulipia ada naye hana haja ya kujitetea mbele ya mtu yeyote.

Tena kuni zinahitajika. Msitu wa kupandwa ukitoa kuni, msitu wa asili unapumzika.

Ila miti hii inapandwa wapi, na kwa idhini ya nani? Mkaratusi mmoja kwenye mpaka wa shamba hauna ugomvi na mtu. Mikaratusi iliyofunika rweya ya kijiji kizima imefunga njia ya mifugo, imeondoa nyasi za matandazo na kubadilisha mabonde, kwa kuwa mti huu hunywa maji mengi na hauchagui chanzo chake. Wafugaji wanasema hawana pa kupitisha ng'ombe kwenda kunywa maji. Wakulima wa migomba wanasema mzigo wa nyasi uliokuwa wa bure sasa unanunuliwa.

Na kuna ardhi iliyochukuliwa zamani kwa sababu zilizoonekana njema wakati huo. Katika miaka ya 1960 na 1970, mkoa ulipokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, baadhi ya vijiji vya ujamaa vilianzishwa rweyani kwa imani kwamba huko ardhi ipo ya kutosha na haina mtu. Wengi waliopelekwa huko waligundua kwa jasho lao jinsi udongo ule usivyozaa bila samadi. Kila kizazi kimeiona rweya kuwa tupu na kuipangia kazi mpya.

Senene hukulia wapi?

Novemba ikifika na mvua za vuli, Bukoba hulala kwa kuchelewa. Kwenye miinuko taa kubwa zinawaka usiku kucha, mabati mapya yamesimamishwa yakiegemea fremu za miti, na chini ya kila bati kuna pipa. Senene hufuata mwanga, hugonga bati, huteleza na kuangukia ndani. Kukicha magunia yanashuka sokoni. Msimu mkubwa ni kati ya Oktoba na Desemba, na mdogo hufuata mvua za Aprili na Mei.

Kabla ya umeme senene walichumwa kwa mkono. Wanawake na watoto waliamka alfajiri wakati mdudu bado amekakamaa kwa baridi na mabawa yake yamelowa, wakampata kwenye shina la nyasi mmoja mmoja. Mila ilimtaka mke ampelekee mume senene, naye mume amshukuru kwa nguo, huku mke mwenyewe akikatazwa kuwala. Katazo hilo limekufa, na halijaliliwa na mtu. Sasa kila mtu anakula: wananyofolewa mabawa na miguu, wanaoshwa, wanachemshwa kwa chumvi kidogo, kisha wanakaangwa kwa mafuta yanayotoka mwilini mwao wenyewe hadi wanakuwa wakavu na kulia mdomoni. Abiria wa basi la kwenda Dar es Salaam asiye na kopo la senene kwenye begi msimu huo ni nadra.

Biashara hii imekua, na mazungumzo yote ni kuhusu mitego, taa na bei ya debe. Chimbuko la mdudu halizungumzwi. Senene ni mdudu wa nyasi. Hutaga kwenye nyasi, hukua humo, na chakula anachokipenda ni maua na mbegu changa za nyasi. Msitu wa mikaratusi haumlishi, wala kiwanja kilichosakafiwa.

> Mazungumzo yote ni kuhusu mitego, taa na bei ya debe. Chimbuko la mdudu halizungumzwi.

Ni kweli kwamba makundi ya senene huruka umbali mrefu na mengine hutoka ng'ambo ya mpaka, Uganda. Lakini Uganda nako nyasi zinalimwa. Mkoa unaojivunia senene kama nembo yake ungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza nyasi zake zimebaki kiasi gani.

Mgeni kutoka kusini

Mwezi Juni hadi Agosti, nyasi zikiwa zimekauka au zimechomwa na kuanza kuchipua upya, tazama juu ya rweya. Mbayuwayu hupita chini sana, karibu kugusa nyasi, wakikamata wadudu. Kati yao anaweza kuwapo mmoja mwenye rangi ya buluu iliyokolea mwili mzima, inayong'aa juani, na mkia wenye nyuzi mbili ndefu.

Mbayuwayu wa buluu huzaliana kwenye nyanda za nyasi za milimani, kuanzia Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kupitia Malawi na Zimbabwe hadi Afrika Kusini. Baridi ya kusini ikianza, huruka kuja kwenye nyasi zilizo kandokando ya Ziwa Viktoria, kusini mwa Uganda na kaskazini magharibi mwa Tanzania. Yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini, na sababu kubwa inayotajwa ni kugeuzwa kwa nyasi kuwa mashamba na misitu ya miti ya kibiashara, kule anakozaliana na huku anakokuja kupumzika.

Tanzania imeshamlinda upande mmoja wa safari yake. Mwaka 2005 Kitulo, uwanda wa nyasi na maua ambao wenyeji wa Nyanda za Juu Kusini huuita Bustani ya Mungu, ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Kwa upande wa pili, Kagera ina Hifadhi ya Mazingira Asilia Minziro wilayani Missenyi, yenye hekta zipatazo 25,000 za msitu wa bondeni na mbuga za nyasi ukingoni mwa Mto Kagera. Mbali na Minziro, nyasi nyingi za Bukoba na Muleba hazina ulinzi wowote.

Tangu mwaka 2019 mkoa umepata pia hifadhi za taifa za Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ni jambo la kupongezwa. Burigi-Chato peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 4,700 na imegusa ardhi ya Muleba. Lakini mtoto wa shule ya msingi Rwamishenye hawezi kwenda Burigi kwa miguu baada ya masomo. Rweyani anaweza.

Mji nao unapanda mlima

Bukoba imebanwa. Mashariki kuna ziwa, magharibi kuna kuta za miinuko, na katikati Mto Kanoni hufurika mvua zikizidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, kwa hiyo bondeni nafasi ni ndogo. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Kagera una watu 2,458,023. Ya mwaka 2022 ikahesabu 2,989,299. Hao zaidi ya nusu milioni walioongezeka wanahitaji mahali pa kulala.

Basi mji unapanda. Kila anayejenga juu anapata mandhari nzuri na hewa safi, na kila paa jipya linamwaga maji yake bondeni. Nyasi ndizo zilizokuwa zikiyapunguza kasi. Mkazi wa kando ya Kanoni anayehamisha magodoro kila masika ana haki ya kuuliza kilichotokea kilimani.

Mtetezi wa viwanja atajibu kwamba watu huja kwanza, nami nakubali. Watu hao hao, hata hivyo, watahitaji mahali pa kupumua. Mji unaopima viwanja hadi kilele cha mwisho hauwezi kuja kuvipimua baadaye.

Mifano ya karibu

Nairobi ilikaribia kuupoteza Msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,000 ndani ya jiji, kwa wagawaji wa viwanja. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti huko. Msitu ulibaki. Leo wakazi wanalipa kiingilio kidogo kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli humo, na fedha hizo zinasaidia kuutunza.

Ng'ambo ya ziwa letu, Mwanza ina Kisiwa cha Saanane, mwendo mfupi kwa boti kutoka katikati ya jiji. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Ni kidogo sana, kilomita za mraba zipatazo mbili tu. Udogo haukuzuia kitu.

Bukoba ina faida ambayo Mwanza haina: sehemu yake ya kutembelea inaweza kuunganishwa na historia. Mtu anaweza kuanza asubuhi kwenye makumbusho ya Nyamukazi, akapanda kwenye miinuko ambayo Juni 1915 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yaliigombea, akatembea rweyani hadi adhuhuri, na kumalizia Katuruka kwa wahunzi. Kwa upande wa Muleba, nyanda za Kamachumu zina upepo, mandhari na vijiji vya migomba ambako mwenyeji anaweza kumwonyesha mgeni kibanja, kahawa na rubisi, yaani pombe ya ndizi. Hakuna hoteli ya kifahari inayohitajika kuanza. Kinachohitajika ni njia zilizowekwa alama, vijana waliofunzwa kuongoza wageni, na makubaliano ya wazi kuhusu nani anachunga wapi na nani anakata nyasi lini.

Anayetaka kwenda sasa aende mapema, kabla ya saa nne, na avae viatu vilivyofunika vidole, kwani nyasi zilizokatwa huchoma na nyoka wapo. Juni hadi Agosti ni msimu wa ndege na wa kutembea bila matope. Novemba ni wa senene. Asikanyage misiri ya njugumawe, ambayo mgeni huidhania nyasi za kawaida, na akikuta ng'ombe njiani awapishe.

Sheria imeshatoa nafasi

Kwa vijiji vya Bukoba Vijijini na Muleba chombo kipo tangu zamani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inakiwezesha kijiji kutenga ardhi ya jumuiya na kuiandika kwenye daftari lake. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inatoa utaratibu wa kupanga, na Sheria ya Nyanda za Malisho ya mwaka 2010 inatambua maeneo ya malisho na kutaka yatengwe. Rweya iliyoandikwa kwa utaratibu huu haiwezi kugawiwa na mwenyekiti mmoja na mgeni wake jioni moja.

Mjini mambo ni magumu zaidi. Ardhi ikiingia mipaka ya manispaa, mkutano wa kijiji hauna sauti tena, na hatima yake huamuliwa na mpango kabambe na madiwani. Hapo ndipo wakazi wa Bukoba wanapaswa kudai mapema, wakati michoro bado iko mezani, kwamba angalau kilima kimoja kiandikwe kuwa uwanda wa nyasi wa wazi, wenye haki ya kuchungia, kukata nyasi na kutembea.

Wapanda miti nao wasisukumwe nje. Mteremko uliokwisha kuharibika unaweza kuwa wao, pamoja na pembezoni mwa barabara na vikamba vilivyochoka. Kinachopaswa kukoma ni kupanda miti katikati ya malisho kwanza na kuuliza ruhusa baadaye.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu kwa mujibu wa sheria, na ajenda hubandikwa kwenye ubao wa ofisi kabla ya siku yenyewe. Katika vijiji vingi kati ya Kemondo na Kamachumu rweya bado ipo ya kutosha kujadiliwa. Wanawake wanaokata nyasi wahudhurie, na wapewe nafasi ya kusema kabla ya mwenye bikoni.